Jezi Namba Tisa Ilipokataa Kuingia

Ninyi vijana mnaobandika namba za jezi kwa mashine ya joto, mnafunika, mnafunua, mmemaliza, sogeeni hapa kidogo. Sina wivu nanyi. Nina maswali tu, na la kwanza ni hili: mteja akinenepa mnafanyaje?

Mimi ni Papa Nsimire. Kabla macho yangu hayajaanza kuona matundu mawili kwenye sindano moja, nilikuwa fundi cherehani katika soko la Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, na kwa miaka mingi nikawa fundi wa timu yetu ya mpira. Nikikadiria kwa haraka, nimeshona nguo za kutosha kuufunika mlima wa Dzaleka wote, na bonde la chini yake likabaki na shuka. Siku hizi cherehani inakanyagwa na binti yangu Nsimire. Mimi nakaa pembeni kwenye kigoda, natoa ushauri ambao hajauomba. Msinidharau lakini. Nilimaliza shule ya jioni nikiwa na mvi, dawati moja na huyohuyo Nsimire, yeye akinikanyaga mguu kila nilipotaka kumsahihisha mwalimu. Cheti kipo ukutani. Mkija nitawaonyesha, hata msipouliza.

Kazi niliifundishwa Bukavu, kwetu Kongo, na Fundi Kosma, mtu mfupi mwenye masikio makubwa, ambaye naapa alikuwa anasikia mshono ukilegea ng'ambo ya Ziwa Kivu. Neno lake lilikuwa moja: usikate, kunja. Siku moja kiongozi wa kwaya alileta suti iliyomzidi mwili. Mimi, kijana mwenye haraka, nikachukua mkasi ili niondoe kitambaa cha ziada. Rula ya mbao ikatua vidoleni mwangu.

“Weye, unajua huyu bwana ataoa siku gani?” akaniuliza Fundi Kosma.

“Hapana, Fundi.”

“Basi kunja. Akiba yote iache ndani ya mshono.”

Yule bwana akaoa. Mke wake alikuwa anajua kupika fufu na dagaa wa sambaza kuliko mtu yeyote wa mtaa wetu wa Kadutu, na kabla ya Pasaka tulifumua mishono ya suti mara ya kwanza. Mwaka uliofuata tukafumua tena. Suti ile ilikua pamoja naye kama ngozi. Nadhani hata leo ingekuwa bado inapanuka, kama vita visingetutawanya yeye, mimi na suti.

Sasa nije kwenye jezi, maana najua ndizo zinazowalisha. Kitambaa cha jezi ni kitelezi na kina hila. Sindano kali inakitoboa na kukitatua, kwa hiyo tafuta yenye ncha butu kidogo. Weka karatasi chini yake wakati wa kushona, halafu ichane ukimaliza. Usichore kwa kalamu. Kipande cha sabuni kinatosha, na kinaoshwa. Na pasi ya mkaa usiiguse jezi kabla ya kutandaza kitambaa kibichi juu yake. Nilimjua fundi mmoja aliyepiga pasi jezi namba saba bila kitambaa. Mchezaji aliingia uwanjani na tundu mgongoni lenye umbo la pasi, na mashabiki wakamwita Dobi mpaka anaoa.

Timu yetu ilikuwa na seti moja tu ya jezi za kijani, kumi na moja bila ya ziada, na anayeingia anavaa ya anayetoka. Zililetwa na wahisani ambao nadhani waliwahi kusikia kwamba wakimbizi wote ni majitu. Kila jezi ilikuwa hema. Kipa peke yake ndiye aliyefurahi. Kwa hiyo ukawepo utaratibu: Ijumaa, Kocha analeta jezi zinazohitaji kazi, mimi nazibana au nazifumua kulingana na atakayevaa. Nyingine zilikuwa na wenyewe wa kudumu. Namba tisa haikuwa na mwenyewe. Namba tisa ni ya mtu anayeanza mbele, na watu wa mbele tulikuwa nao wawili, ambao Mungu aliwaumba siku mbili tofauti kabisa.

Wa kwanza ni Byamungu, wa Bukavu, kinyozi mwenye kibanda jirani na changu. Mabega yake ukitaka kuyaona yote ilibidi ugeuze shingo. Wa pili ni Wilondja, wa Fizi, Kongo hiyohiyo, kijana aliyeendesha kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, pale sokoni, mwembamba kiasi kwamba mvua ikinyesha alikuwa anapita katikati ya matone. Ukiibana namba tisa, anaanza Wilondja. Ukiifumua, anaanza Byamungu. Kocha hakuwahi kumtajia mtu kikosi, lakini haikuwa na haja. Mashabiki walikuwa wanakisoma mguuni mwa cherehani yangu.

Kila Ijumaa kibanda kilijaa. Benchi la kulia lilikaliwa na watu wa Bukavu, wakiongozwa na Papa Shukuru, muuza viatu vya mtumba. La kushoto ni watu wa Fizi, na mkubwa wao alikuwa Mulongecha, muuza dagaa wa usipa, mwimbaji wa kwaya, mtu ambaye hata akinong'ona mbuzi wa wilaya nzima ya Dowa wanainua vichwa.

“Papa Nsimire, mayo iko inabanwa ao inafumuliwa?”

“Jezi iko inafuliwa,” najibu.

“Usitufiche! Wee unajua!”

Najua nini? Ninachojua ni kwamba fundi anayetangaza mwili wa mteja wake hastahili kushika tepu ya kupimia. Nilikuwa nafunga mdomo, nao wanafungua yao.

“Mpira haiko mashindano ya mbio,” anaanza Papa Shukuru. “Byamungu akisimama pale mbele, hata upepo unamuzunguka.”

“Anasimama, njo shida!” Mulongecha anaruka. “Anasimama sawa friji. Tena friji haina umeme!”

“Friji hiyo ilifunga bao juzi!”

“Balo ilimugonga kisogo! Alikuwa anatafuta bibi yake kwa mashabiki!”

“Bao ni bao. Kisogo si yake?”

“Na Wilondja je? Ule mutoto akikimbia, kivuli yake inafika kesho.”

“Anakimbia, anafika, anasahau alikuja kufanya nini. Sawa mutu aliyeingia jikoni!”

Mara kwa mara mtu wa katikati alikuwa anasema, “Kocha aweke bote bawili,” na hapo ndipo pande zote mbili zinaungana kumpigia kelele, kwa sababu kila mtu alikuwa anajua jibu la Kocha: wakikaa wawili mbele, nani atarudi kusaidia nyuma? Wewe?

Haya yote yalikuwa starehe, mpaka ilipofika nusu fainali ya kombe la mitaa, tucheze na timu ya Nsungwi, kwao, kule Area 25 Lilongwe. Hapo starehe ikapata miiba.

Kocha aliniambia peke yangu kwanza, kisha ndani ya saa moja Dzaleka nzima ikajua. Mwalimu wa michezo wa shule moja ya Area 47 atakuja kuutazama mchezo huo. Anatafuta kijana mmoja wa mbele, atakayesoma sekondari bila kulipa ada na kuichezea shule. Na mwalimu huyo atakaa kipindi cha kwanza tu, maana baada ya hapo ana mchezo mwingine wa kutazama Chinsapo, upande mwingine wa mji.

Byamungu hakuhusika na shule. Alikuwa na kibanda chake, mke, na ndevu. Yaliyomhusu ni heshima na ushindi. Lakini Wilondja alikuwa ameikosa nafasi ya sekondari na umri ulikuwa unamkimbia. Alikuja siku ya Alhamisi kuniletea mteja kwa kabaza, mteja akashuka, yeye asiondoke. Akashika usukani wa baiskeli, akatazama magurudumu.

“Papa,” akasema, “mutu akiingia kipindi ya pili, yule mwalimu atakuwa amesha kwenda?”

“Atakuwa amekwenda, mwanangu.”

“Eeh.” Akapiga kengele ya baiskeli mara moja bila sababu, akaenda.

Usiku ule sikulala vizuri, na mimi ni mtu ninayelala hata nikiwa nimesimama kanisani. Ijumaa Kocha akaja mapema. Macho yake yalikuwa mekundu. Akaweka namba tisa juu ya meza yangu, iliyokuwa imefumuliwa kwa ajili ya Byamungu wiki iliyotangulia, akasema neno moja:

“Bana.”

Nikabana. Mguu wangu ulipoanza tu kukanyaga, benchi la kushoto likapasuka kwa wimbo. Benchi la kulia likasimama.

“Papa Nsimire!” Papa Shukuru alinijia na kidole. “Wee ni mutu wa kwetu. Ulikunywa maji ya Ruzizi! Tunaenda nusu fainali, na wee unabana?”

“Mto Ruzizi unatoka Bukavu, unashuka Uvira, njia ya kwao Fizi,” nikamjibu. “Maji ni yaleyale. Sasa nimwegemee nani?”

“Tutaona nani atakuletea nguo,” akasema, na benchi zima likatoka nyuma yake. Mteja akikwambia hivyo, vijana, unahesabu sufuria za nyumbani. Msiamini fundi anayesema hahesabu.

Pasi yangu ilikuwa imepoa. Nikatoka nje kuizungusha mkononi ili mkaa upate hewa, kama tulivyokuwa tunafanya, mkono unakwenda duara kama kengele ya kanisa. Niliporudi, Mulongecha alikuwa amekaa kimya. Ningepaswa kushtuka hapo hapo! Mulongecha kimya ni kama jogoo anayesoma gazeti. Lakini mawazo yangu yalikuwa kwa Papa Shukuru na kidole chake. Nikapiga pasi kwa nje, nikakunja jezi, nikaiweka mfukoni na nyingine.

Jumamosi asubuhi lori lilikuwa limesimama karibu na soko, ruhusa ya kutoka kambini ilikuwa mkononi mwa Kocha, ngoma zimepandishwa. Kocha akanijia kwa hatua za mtu anayekwenda kuchomwa sindano.

“Papa Nsimire, fumua tisa.”

“Kocha?”

“Fumua. Wazee wa timu wamenikalia mpaka usiku. Wanasema mabeki ba Nsungwi ni barefu, wanataka Byamungu aanze. Wilondja ataingia kipindi cha pili.”

Wilondja alikuwa amesimama nyuma yake. Alisikia. Akainama kufunga kamba za viatu ambazo nilikuwa nimeziona zimefungwa tayari.

Nikaigeuza jezi nje ndani ili nifumue. Vidole vyangu vikatafuta akiba ya kitambaa ubavuni. Hakuna. Upande wa pili, hakuna. Kitambaa kilikuwa kimekatwa karibu kabisa na mshono, kimenyolewa kama kichwa cha askari mpya. Nikainua macho, na wa kwanza niliyemwona juu ya lori ni Mulongecha, amejifunga kichwani utepe wa kijani, mpana, mzuri, ulioning'inia mpaka begani. Mtu anaiba akiba ya mshono wangu ili jezi isirudi kwa Byamungu, kisha anaivaa kichwani ili tumshangilie! Mwizi wa kuku angalau hujifuta manyoya.

Nilimtazama. Akanitazama. Mkono wake ukapanda taratibu kichwani, ukagusa utepe.

Sasa vijana, sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kazi ilinibana. Jezi ile ilikuwa inatengenezeka. Unafumua ubavu kutoka kwapani mpaka chini, unaingiza kipande cha kitambaa kingine kila upande, unafunga. Kipande chochote. Ni kazi ya muda wa kuchemsha chai. Nikisema, Byamungu anaanza, na Wilondja anaingia wakati gari la mwalimu limeshafika Chinsapo. Nikinyamaza, mkasi wa Mulongecha ndio unaochagua kikosi, na timu nzima inakwenda nusu fainali kwa amri ya muuza usipa. Kocha alikuwa ameamua. Fundi hachagui anayeanza mbele. Hilo nililijua. Lakini zile kamba za viatu nilikuwa nimeziona pia.

Kabla sijafungua mdomo, Byamungu akatokea, anatafuna muhogo, anacheka.

“Leteni mayo yangu! Nitaingia tu, hata ikiwa soksi.”

Akaivaa. Au niseme, akaianza. Kichwa kiliingia, mikono ikaingia, halafu mabega yakakwama, na mtu yule mkubwa akabaki mikono juu, uso umefunikwa na kijani, namba tisa imekunjamana shingoni, kitovu kinapigwa na jua. Lori zima likaangua kicheko. Hata Papa Shukuru alicheka kabla ya kukumbuka ni mtu wake.

“Vuta, Papa Nsimire, vuta!” wakapiga kelele.

Nikasogea, nikashika upindo, nikavuta. Haikwenda. Na pale, kutoka ndani ya kitambaa, nikasikia sauti ya chini, ya karibu, isiyo na utani wowote.

“Papa.”

“Naam.”

“Ule mwalimu anaenda kweli mi-temps?”

“Kweli. Mapumziko tu, anaondoka.”

“Hii mayo, unaweza kuitengeneza?”

“Naweza. Sasa hivi.”

Kitambaa kikavutwa ndani na pumzi yake, kikatoka, kikavutwa tena.

“Basi leo usiweze.”

Nikabaki nimeshika upindo. Halafu yeye mwenyewe akaanza kupiga kelele kwa wote, “Naniliu, nitoeni! Nakufa! Fundi amenishonea jeneza!” Watu wakamvua, jasho linamtiririka, naye akaitupia jezi kwa Wilondja bila kumtazama. “Imenikataa. Vaa wee, sindano.”

“Haiingii?” Kocha akaniuliza.

“Kwake haiingii, Kocha.”

Na ni kweli, haikuingia. Kila mtu alikuwa shahidi. Kocha akautazama utepe wa Mulongecha, akanitazama mimi, na mabega yake yakashuka kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi.

Njiani hakuna aliyeimba. Bukavu upande wao, Fizi upande wao, ngoma katikati. Kwenye kizuizi cha barabarani, kama kawaida yetu, kila mtu akapapasa mfuko wake ingawa ruhusa anayo Kocha. Askari akaisoma, akaona ngoma, akauliza kwa Chichewa tunakwenda kucheza na nani. Tukamwambia. Akauliza tena, kwa wema tu wa mtu anayependa mpira: nani anaanza mbele?

Mama yangu! Lori lililipuka. “Byamungu!” “Nani? Wilondja!” “Muulize fundi, njo alibana mayo!” Askari wa watu akarudi nyuma hatua, akarudisha karatasi, akatupungia mkono tuende kabla hajaitwa kuamua. “Zikomo, bambo!” tukamshukuru kwa kelele, pande zote mbili.

Nsungwi kulikuwa na watu wengi, nusu ya Lilongwe, kwa hesabu yangu. Mwalimu wa Area 47 alionyeshwa kwetu kwa mbali: shati jeupe, kofia, amekaa kwenye kiti cha plastiki, saa mkononi. Mimi nilikaa kwenye benchi la akiba na sindano yangu imeshachomekwa uzi. Wengine walikuwa wanautazama mpira, mimi nautazama mshono. Mshono usio na akiba, vijana, ni kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa kwenye mabua. Kila beki alipomshika Wilondja jezi, moyo wangu ulikuwa unafumuka nyuzi mbili.

Naye alicheza vibaya. Nisiwadanganye. Mpira ulikuwa unamfikia, anauharakisha, unampotea. Nsungwi wakafunga. Nyuma yangu Papa Shukuru alikuwa anahesabu dhambi zangu moja moja. Byamungu alikuwa ubavuni kwangu, ametulia, anang'oa majani.

“Ametazama saa,” nikamwambia.

“Nani?”

“Mwalimu.”

“Mi niko natazama mwalimu toka mwanzo,” akasema. “Balo sijaiona hata.”

Kipindi kilikuwa kinaisha ulipotoka mpira mrefu. Wilondja akaupita mkono wa beki wa kwanza. Wa pili, mrefu kama mnara wa simu, akamshika jezi ubavuni na kuikumbatia. Walikuwa wameshaingia ndani ya eneo la hatari. Angeanguka tu, ilikuwa penati. “Anguka!” Mulongecha akapiga kelele. “Anguka, mutoto wangu!” Hakuanguka. Aliendelea kuvuta, nikasikia, naapa, kutoka benchi nikasikia, trrrrr, mshono ukafunguka kutoka kwapani mpaka chini, na mtoto akachomoka, jezi inapepea nyuma kama pazia. Akapiga. Mpira ukagonga mwamba, ukarudi uwanjani, beki akaondosha. Filimbi ya mapumziko ikalia.

Mwalimu akasimama, akavuta kiti pembeni ili asizuie njia, akaingia kwenye gari. Hakusema na mtu.

Wilondja alivua jezi akanipa. Hakulia. Ningependa angelia, ingekuwa rahisi kumtazama. Byamungu akavua shati lake mwenyewe, akasimama mbele yangu.

“Haya, Papa. Sasa weza.”

Nilihitaji kitambaa. Nikageuka kutazama mashabiki, na jicho langu likamtafuta niliyemtaka.

“Mulongecha! Vua!”

“Papa, hii ni shati ya kwaya…”

“Vua!”

Akavua. Kitenge cha njano chenye mananasi, kimeshonwa na mimi mwenyewe, na ndani ya mishono kilikuwa na akiba ya kutosha kumtosheleza ndovu. Nikafumua, nikachukua vipande viwili, nikashona kwa mkono kwa kasi ambayo cherehani yenyewe ingeona aibu. Mulongecha alisimama kifua wazi mpaka mwisho wa mchezo, amevaa utepe wa kijani tu kichwani. Byamungu akaingia kipindi cha pili na mananasi mbavuni. Watoto wote wa Nsungwi wakaanza, “Chinanazi! Chinanazi!” Na huyo Chinanazi akasawazisha. Kona ilipigwa, watu wakaruka, mpira ukamgonga kisogo. Msinitazame hivyo, ndivyo ulivyoingia.

Tulitolewa kwa penati. Yetu ya mwisho ilipaa juu. Kwa ile nguvu naamini ilifika Area 47 kabla ya mwalimu. Na kurudi, lori halikuwa kimya tena. “Angalianza Byamungu tungalishinda!” “Angalicheza na Wilondja mpaka mwisho tungalishinda!” Mpaka Dzaleka. Mpaka leo.

Walionihukumu walitekeleza. Wiki baada ya wiki hakuna suruali ya mtu wa Bukavu iliyofika mezani kwangu. Nsimire alikuwa anatia mafuta cherehani iliyokwisha tiwa mafuta. Lakini lililoniumiza halikuwa hilo. Wilondja alikuwa anapita na kabaza kila siku, asubuhi na jioni, anasalimia, haulizi. Kila simu ya Kocha ilipolia sokoni, nilikuwa naona baiskeli ile ikipunguza mwendo, halafu inaenda zake. Nilianza kuwaza kwamba Byamungu alitoa nusu fainali, Kocha alitoa heshima yake kwa wazee, mimi nilitoa wateja, na vyote vimekwenda kugonga mwamba.

Byamungu naye hakuzungumzia kabisa. Nilimuuliza mara moja, ananyoa mtu. Akapuliza nywele kwenye mashine.

“Mi niko na kibanda,” akasema. “Yeye iko na baiskeli ya mutu.” Akaendelea kunyoa.

Kisha Kocha akaja mbio, mbio kweli, mtu mwenye tumbo lile, na simu mkononi. Shule ilikuwa inamuulizia yule wa jezi iliyochanika. Mwalimu alimwambia Kocha kwamba vijana wa kuanguka ndani ya eneo la hatari amewaona wengi, amewachoka. Anamtaka aliyekataa kuanguka.

Sare ya shule nilimshonea mimi, kwa macho yangu ya mwisho. Suruali ya kijivu. Upindo wa chini niliukunja mara nne, mzito, mpaka wenzake wa Area 47 wakamuuliza kama ameficha matofali. Nilimwambia awaache wacheke. Kila mwaka, likizo ndefu, alikuwa anarudi Dzaleka, anasimama juu ya kigoda, Nsimire anafumua kunjo moja, na Byamungu anatoka kibandani kwake kuja kutoa maoni ambayo hayaombwi, kama mimi.

Juzi amerudi. Amekuwa mrefu, mabega sasa yanataka kushindana na ya Byamungu, na mitihani ya mwisho inamngoja. Akapanda kigoda. Nsimire akageuza upindo, akafumua, akaunyoosha kwa kiganja, akanitazama. Nikasogeza uso karibu mpaka pua ikagusa kitambaa, maana siku hizi naona kwa pua.

Byamungu alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani.

“Akiba imeisha?” akauliza.

“Imeisha,” nikasema. “Hili lilikuwa la mwisho.”

Akamtazama yule kijana juu ya kigoda, kutoka viatuni mpaka kichwani, akachukua mkasi mezani na kumkabidhi Nsimire.

“Basi sasa kata suruali mupya.”